Urithi, Elimu na Mwili wa Mtoto katika Riwaya ya Nnedi Okorafor, Akata Witch

Utangulizi

Riwaya za vijana zinazosimulia habari za watoto waliorithi nguvu zisizo za kawaida zimeenea sana duniani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, na wahakiki wengi wamezizoea kiasi cha kuzipita bila kuzitazama. Msuko wake unajulikana. Mtoto mnyonge, asiyependwa shuleni na asiyeeleweka nyumbani, hugundua siku moja kwamba damu yake ina siri; hupokewa na jamii iliyofichika ya watu walio kama yeye; hufundishwa; kisha humkabili adui aliyewahi kuiangamiza jamaa yake. Akata Witch, riwaya ya Nnedi Okorafor iliyotolewa mwaka 2011, inaufuata msuko huo hatua kwa hatua, na msomaji anayetafuta upya katika mfuatano wa matukio peke yake ataiweka chini mapema. Upya wa riwaya hii haumo katika matukio. Umo katika swali linaloulizwa kupitia matukio hayo, nalo ni hili: nguvu aliyoirithi mtoto hukaa wapi? Je, hukaa katika mwili wake, au katika kazi anayoifanya ili astahili kuitwa mrithi?

Swali hili laweza kuonekana la nadharia tupu kwa msomaji wa nchi za mbali. Katika Afrika ya Mashariki si la nadharia. Sunny, mhusika mkuu wa riwaya, ni msichana mwenye ualbino. Na katika mikoa ya Tanzania inayozunguka Ziwa Viktoria, hasa tangu mwaka 2006 na 2007, watu wenye ualbino, wengi wao wakiwa watoto, wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba miili yao ina nguvu ya kuleta utajiri. Riwaya inayompa msichana wa namna hiyo nguvu za kimizimu inagusa kidonda ambacho hakijapona. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu: kwanza, kwamba jibu kuu la riwaya kwa swali la urithi ni sahihi, na linapatana na fikra za kale za Waafrika, Waswahili wakiwemo, pili, kwamba riwaya yenyewe inalidhoofisha jibu hilo katika sehemu mbili, na tatu, kwamba kazi ya kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili ingeweza kuliokoa au kulipoteza jibu hilo kwa uteuzi wa maneno machache tu.

Mwandishi na Kisa

Okorafor alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Cincinnati, Marekani, kwa wazazi Waigbo waliotoka Nijeria. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo alikuwa mwanamichezo. Upasuaji wa uti wa mgongo ulimwacha amepooza kwa muda, na ni kitandani hospitalini alikoanza kuandika hadithi. Habari hizo amezisimulia mwenyewe katika Broken Places & Outer Spaces, kitabu cha mwaka 2019. Riwaya yake ya vijana, Zahrah the Windseeker ya mwaka 2005, ilipata Tuzo ya Wole Soyinka mwaka 2008. Akata Witch ilifuatiwa na Akata Warrior mwaka 2017 na Akata Woman mwaka 2022. Mwaka 2019 mwandishi alitangaza istilahi yake mwenyewe, Africanjujuism, kuwa jina la tungo za kubuni zinazochanganya itikadi za kiroho za Kiafrika zilizopo kweli na ubunifu wa msanii. Istilahi hiyo inamwonya mhakiki asiichukulie mizimu ya riwaya hii kuwa mapambo yaliyookotwa njiani.

Kisa chenyewe ni hiki. Sunny Nwazue, mwenye umri wa miaka 12, alizaliwa New York akarudishwa Nijeria akiwa na miaka 9, na sasa anaishi na wazazi na kaka zake katika mji wa Aba. Shuleni anaonewa kwa sababu mbili: ngozi yake na kuzaliwa kwake Marekani. Baba yake anamtazama kwa ubaridi. Usiku mmoja anaona ndani ya mwali wa mshumaa maono ya kutisha ya mwisho wa dunia. Baadaye anakutana na Orlu na Chichi, watoto wa jirani, na kupitia kwao anajifunza kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, yaani watu wenye nguvu za kimizimu walioishi kwa siri miongoni mwa watu wa kawaida, ambao wao huwaita Wanakondoo. Mtoto wa nne, Sasha, anawasili kutoka Chicago, alikofukuzwa na wazazi wake mwenyewe kwa kuzitumia vibaya nguvu zake. Watoto hawa wanne wanafundishwa na mwalimu Anatov, kisha wazee wanawatuma wakamkabili Otokoto, muuaji anayewateka watoto wadogo kwa ajili ya kafara. Mwishoni Sunny anajua kwamba huyo huyo ndiye aliyemwua bibi yake, Ozoemena, aliyekuwa mwalimu wa muuaji.

Jina la adui halikuokotwa. Mwaka 1996, katika mji wa Owerri, ghasia kubwa zilizuka baada ya kugunduliwa kwamba mtoto aliuawa na kukatwa kichwa kwa ajili ya kafara ya utajiri, na hoteli iliyotajwa katika mkasa huo iliitwa Otokoto. Msomaji wa mashariki ya Nijeria alisomapo jina hilo hasomi ngano. Kwa hiyo tangu mwanzo riwaya imeweka mbele yake hali halisi ya watu wanaoamini kwamba nguvu imo katika mwili wa mtoto na kwamba inaweza kuchukuliwa kwa kisu.

Urithi wa Damu na Urithi wa Kazi

Lugha ya Kiswahili ina methali mbili kuhusu urithi ambazo hazipatani. Ya kwanza husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali ya kwanza huweka urithi katika damu: mtoto ni vile alivyo, apende asipende, afanye asifanye. Ya pili huuweka urithi katika kiwanda: mwana wa mhunzi hujulikana kwa sababu ama anafua chuma ama anavuta mivukuto, na yule asiyefanya lolote kati ya hayo hatajwi kabisa. Riwaya nyingi za aina hii hujengwa juu ya methali ya kwanza. Akata Witch inaanza na ya kwanza, kisha inaiacha kwa makusudi na kuhamia katika ya pili.

Jambo hilo linaonekana kwanza katika nafasi ya Sunny. Wazazi wake wote wawili ni Wanakondoo. Hakulelewa katika siri, hakusikia nyimbo zake utotoni, hajui hata salamu zake. Riwaya inampa jina ambalo kwa Kiswahili lingekaribia kuwa mtu wa kivyake. Kitabu alichopewa kimsaidie kinamsimanga katika kila ukurasa kwa kutojua kwake. Damu ya bibi yake imemfungulia mlango, lakini haikumpa kiti. Chichi na Orlu, ambao walizaliwa ndani, wanamtangulia katika kila jambo, na riwaya haimwachi awapite kwa siku moja kwa sababu tu bibi yake alikuwa mtu mkuu, kama ambavyo riwaya nyingi za aina hii zingefanya.

Linaonekana zaidi katika fedha ya Watu wa Chui, iitwayo chittim. Vipande hivi vya madini huanguka kutoka hewani kila mtu anapojifunza jambo jipya, na haviji kwa njia nyingine ya halali. Vya shaba ndivyo vya thamani kubwa kabisa, na vya dhahabu ndivyo vya chini. Kwa ubunifu huu mmoja mwandishi amepindua mpangilio wa thamani wa dunia ya Wanakondoo na papo hapo ametoa hoja ya kiuchumi. Katika jamii hii utajiri haurithiwi kutoka kwa wazazi wala hauchimbwi katika mwili wa mwingine. Kila mmoja huuchuma kwa elimu yake. Chichi na mama yake, ambao ni watu wa ukoo mtukufu wa mashujaa wa kike, wanaishi katika kibanda kilichojaa vitabu. Mhakiki anayetazama mahusiano ya kitabaka ataona hapa ukosoaji wa wazi wa Nijeria ya matajiri wapya, ambao mali yao haiulizwi ilikotoka.

Otokoto ndiye mfano wa kinyume. Alikuwa mwanafunzi wa Ozoemena. Njia ya kupata alichotaka ilikuwa wazi mbele yake: kukaa miguuni pa mwalimu wake na kujifunza. Alichagua kumwua ili auchukue uwezo wake. Kosa lake, kwa mujibu wa mantiki ya riwaya, lina pande mbili. Upande wa kwanza ni dhambi ya kuua, ambayo haihitaji maelezo. Upande wa pili ni upotovu wa fikra: amedhani kwamba elimu ya mtu ni kitu kilichomo ndani ya mwili wake, kama kiini ndani ya yai, na kwamba anayelivunja yai atakipata kiini. Yule anayewinda watoto wenye ualbino Geita au Shinyanga ana fikra hiyo hiyo. Riwaya imemtia adui mmoja makosa yote mawili ili msomaji kijana aone kwamba la pili ndilo mama wa la kwanza.

Fikra iliyo kinyume cha hiyo si ngeni kwa Waswahili. Mganga wa pwani husemwa kwamba amepewa mkoba, na mkoba huo mara nyingi hutoka kwa babu au bibi. Lakini anayeupokea huwa amekwisha kumfuata mwenyewe miaka mingi, akichimba mizizi, akibeba vifaa, akijifunza majina ya miti na miiko yake. Mkoba unaotwaliwa na mtu asiyefundishwa ni ngozi tu na vijiti vikavu ndani yake. Kwa upande mwingine, masimulizi ya Fumo Liyongo yanatoa onyo la shujaa ambaye nguvu yake ilikuwa mwilini. Mwili huo usiodhurika ulikuwa na siri moja, na siri ilipotoka kwa aliye wake wa karibu, sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni ikauangusha. Nguvu ya namna hiyo Liyongo hakuweza kumwachia mtu. Sifa yake ya ushairi, ambayo ni kazi, ndiyo iliyobaki mpaka leo.

Mwili wa Sunny

Hata hivyo, riwaya haikuweza kuuacha mwili kabisa, na hapa ndipo penye ugumu. Katika Watu wa Chui, jambo ambalo Wanakondoo huliita kasoro mara nyingi ndilo mlango wa kipaji. Orlu ana shida ya kusoma kwa sababu herufi humchanganyikia, na kipaji chake ni kuyafungua na kuyavunja mafundo ya uganga. Kama mtu anavyoweza kutazamia kwa mwandishi aliyejifunza kazi yake wakati miguu ilipokataa kumbeba, mafundisho haya yametolewa kwa usadikifu mkubwa, na kijana aliyezoea kuitwa mzembe darasani atapata faraja ya kweli ndani yake.

Kwa Orlu mpango huu hauna hatari. Hakuna anayewinda watoto wenye shida ya kusoma. Kwa Sunny hali ni tofauti. Kipaji chake ni uwezo wa kuivuka mipaka na kuingia nyika ya mizimu, na kwa hiyo kutoonekana na macho ya watu. Na riwaya inaeleza kwamba uwezo huo unahusiana na ualbino wake, kwa kuwa watu kama yeye husimama kati ya dunia mbili. Msomaji wa Afrika ya Mashariki akifika hapo hana budi kusita. Katika nchi zetu ipo imani ya siku nyingi kwamba watu wenye ualbino hawafi, bali hupotea. Imani hiyo, ambayo kwa mgeni yaweza kusikika kama ushairi, imetumika kuhalalisha ukatili. Asiyekufa hawezi kuuawa, anayepotea hatafutwi, kaburi lake halina haja ya kulindwa. Okorafor hakuandika akiwafikiria Wasukuma, na si haki kumlaumu kwa imani ya watu wa ziwa asilolitaja. Lakini picha ya msichana mwenye ualbino anayetoweka mbele ya macho ya watu, ikifika Mwanza, itakutana na picha nyingine iliyotangulia.

Je, riwaya inajitetea? Kwa kiasi inajitetea. Sunny anatoweka kwa hiari yake mwenyewe na kurudi kwa hiari yake. Katika imani ya kupotea, mtu mwenye ualbino ni kitu kinachotokewa na jambo. Katika riwaya, Sunny ni mtendaji, na kutoonekana kwake ni ufundi alioujifunza kwa makosa na maumivu. Aidha, haipo sehemu hata moja ambapo kiungo cha mwili wake, unywele wake au damu yake, kinampa mtu mwingine nguvu yoyote. Otokoto hamtafuti Sunny kwa sababu ya ngozi yake. Katika hilo mwandishi amekuwa mwangalifu, na uangalifu wake unalipatanisha jambo hili na hoja yake kuu: kile ambacho mtu anaweza kukifanya hakiwezi kukatwa kikachukuliwa.

Kasoro ya pili haina utetezi mzuri kama huo. Baada ya kutawazwa, Sunny anagundua kwamba jua halimchomi tena. Mwavuli anauweka kando, na huko Abuja anacheza kandanda mchana kweupe pamoja na wavulana. Ni sehemu yenye furaha kubwa, na kijana yeyote ataisoma kwa kicheko. Lakini inamwambia nini msomaji ambaye jua linamchoma, ambaye kofia pana na mafuta ya kukinga ngozi si hiari kwake, na ambaye saratani ya ngozi ndiyo inayowamaliza wenzake wengi kimya kimya kuliko panga la muuaji? Inamwambia kwamba heshima huja pamoja na kupona. Orlu hakuponywa shida yake ya kusoma ili apate kipaji. Amebaki vile alivyo na kipaji juu yake. Sunny peke yake ndiye aliyeondolewa mzigo. Riwaya ambayo imesema kwamba kasoro ni mlango imeubomoa mlango huo mara tu shujaa alipopita. Ingaliwezekana kumfanya ashinde mchezo huo jioni, au chini ya taa, kama alivyozoea kucheza na kaka zake, na riwaya isingepungukiwa na chochote.

Kukanusha na Kuhukumu

Inafaa kuilinganisha njia ya Okorafor na njia iliyozoeleka zaidi katika nathari ya Kiswahili. Katika Kisima cha Giningi cha Mohamed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1968, jina la makao ya wachawi ya masimulizi ya Unguja limewekwa juu ya kisa cha upelelezi, naye Bwana Msa anaufuata uhalifu kwa hoja na akili, si kwa ramli. Hiyo ni njia ya kukanusha: nguvu haipo, wapo watu na tamaa zao. Serikali zimeifuata njia iliyo jirani na hiyo. Tanzania ilipiga marufuku kazi ya waganga mwaka 2009, ikarudia kuwaandama mwaka 2015. Kenya ilichagua njia ya kuhesabu: katika sensa ya mwaka 2019 watu wenye ualbino walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 9,729, na mtu aliyehesabiwa ni shida kusemwa kwamba amepotea tu.

Okorafor hakanushi. Anaikubali nguvu, kisha anaihukumu kutoka ndani. Kwa mtu ambaye haamini, njia hii yaweza kuonekana kuwa ni kuwapigia magoti washirikina. Lakini inafika mahali ambapo ukanushaji haufiki. Mtu aliyekulia katika imani ya mizimu akiambiwa kwamba mizimu haipo, hufunga masikio, kwani ameambiwa pia kwamba bibi yake alikuwa mjinga. Akiambiwa kwamba mizimu ipo na kwamba inamchukia anayetafuta njia ya mkato, hana pa kukimbilia. Adui wa riwaya hii haangamizwi na askari wala na mwanasayansi. Anashindwa kwa mizani ya uganga wenyewe, kama mwanafunzi mbaya. Mawazo ya Bwana Msa na mawazo ya Okorafor si lazima yagombane; fasihi ya Kiswahili ina nafasi ya yote mawili, na hadi sasa imeendeleza la kwanza zaidi kuliko la pili, ingawa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, imeonyesha jinsi mzimu wa babu unavyoweza kuwa hakimu wa mjukuu aliyepotoka.

Suala la Lugha

Mfasiri atakayeileta riwaya hii katika Kiswahili atakumbana na vikwazo tangu jalada. Neno la kwanza la anwani ni tusi ambalo baadhi ya Wanijeria huwatupia Wamarekani weusi. Toleo la Nijeria la mwaka 2013 lililiepuka neno hilo, likaitwa What Sunny Saw in the Flames. Neno la pili ni gumu zaidi. Kiingereza kina neno moja linaloweza kumbeba mwema na mwovu. Kiswahili hakina. Mchawi ni adui wa watu na mganga ni tabibu wao, na hakuna mchawi mwema. Kumwita Sunny mchawi juu ya jalada ni kumpachika jina ambalo katika nchi ya Wasukuma limewatosha vikongwe wengi kuuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni. Anwani ya toleo la Nijeria ndiyo inayofaa kufuatwa.

Tatizo la pili ni jina la Sunny mwenyewe. Neno zeruzeru ni la kale, na wingi wake mazeruzeru umeliweka pamoja na majina ya vitu na ya viumbe vinavyobezwa; mtaani limepata ndugu mbaya zaidi, dili, ambalo linamtaja mtu kwa bei yake. Istilahi iliyokubalika sasa, mtu mwenye ualbino, inautanguliza utu, na ni haki itumike. Lakini hakuna mtoto mwonevu anayemtukana mwenzake kwa istilahi ya semina. Mfasiri atakayelifuta zeruzeru kila mahali ataufuta pia uonevu ambao riwaya inaulaani. Kanuni nyepesi ingetosha: tusi libaki kinywani mwa mwenye kutusi, na msimulizi asilitumie hata mara moja. Msomaji ataijua tofauti bila kuelezwa.

La tatu laweza kumnasa mfasiri hodari. Mgawanyo wa Watu wa Chui na Wanakondoo unaonekana rahisi. Lakini Mswahili akisikia chui na kondoo katika sentensi moja humkumbuka chui aliyejivika ngozi ya kondoo, yaani mnafiki. Watu wanaoishi kwa siri miongoni mwa Wanakondoo, tena wakiitwa chui, watakuwa wamekwisha kuhukumiwa na lugha kabla ya kutenda jambo. Chanzo cha jina hilo ni Ekpe, yaani chui, jumuiya ya siri ya watu wa bonde la Mto Cross, ambayo watumwa waliipeleka hadi Cuba, ikajulikana huko kwa jina la Abakuá. Mfasiri akiandika Wana-Ekpe atakuwa amerudi kwenye chanzo na ameukwepa mtego. Hata hivyo, dharau iliyomo katika neno kondoo ni sehemu ya riwaya na haifai kufichwa. Watu wa Chui si malaika. Wanawadharau wasio wao, na wazee wao wanawatuma watoto wanne kwa muuaji wakijua kwamba huenda wasirudi. Riwaya inalisema jambo hilo lakini hailishitaki vya kutosha. Wakati wa kumlaani anayetoa watoto kafara, ingefaa iulize pia kuhusu wale wanaowatoa kwa jina la vita vya haki.

Uandishi Uliorithiwa

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaisimu hawana budi kulitilia maanani. Kitabu kikubwa kabisa ambacho Sunny anakutana nacho kimeandikwa kwa Nsibidi, maandishi ya alama ya Waejagham, Waefik, Waibibio na Waigbo, yaliyohusiana na jumuiya ya Ekpe tangu zamani. Haya si maandishi ya kubuni. Yalichorwa juu ya vibuyu, vitambaa, kuta na ngozi za watu kabla ya wamisionari kufika. Mwandishi amempa kijana wa Kiafrika habari ambayo shule nyingi hazimpi, kwamba babu zake walikuwa na maandishi. Na amemwambia pamoja na hayo kwamba maandishi hayo hayasomeki kwa sababu tu ni ya babu zake. Lazima yasomewe.

Pwani ya Afrika ya Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi, yaani alimwachia urithi ulio katika maneno, nao ukahifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Katika majumba ya Lamu na Pate zimekuwapo hati za namna hiyo ambazo wajukuu wa wenyewe walizihifadhi kwa heshima wasiweze kusoma mstari mmoja. Damu wanayo, na sanduku wanalo. Kilichokosekana ni yale ambayo bibi angewafundisha kama wangekaa naye.

Hitimisho

Akata Witch si riwaya isiyo na dosari. Imemponya shujaa wake pasipo haja ya kumponya, na imekipa kipaji chake sura inayokaribiana mno na imani iliyowagharimu watu maisha yao. Lakini katika suala lake kuu imesimama imara: nguvu ya mtu haimo katika ngozi, nywele wala damu yake kwa namna ambayo mwingine anaweza kuitwaa, imo katika yale aliyojifunza, na njia pekee ya kuipata ni kufundishwa. Ni vigumu kupata hoja ya fasihi inayohitajiwa zaidi na vijana wa nchi hizi, wenye ualbino na wasio nao. Riwaya hii inastahili kufundishwa katika vyuo vyetu pamoja na masimulizi ya Liyongo na nathari ya Unguja, na inastahili kufasiriwa na mtu ambaye kabla ya kuandika neno zeruzeru au mchawi atakuwa amewafikiria kwanza watoto watakaolisoma darasani, na yule mmoja miongoni mwao ambaye wenzake watageuka kumtazama.